Naombeni ushauri: mfumo wa kufuatilia uzalishaji papo kwa papo

Msimamizi_Laini
Wakuu, habari zenu. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha sabuni ya maji: kujaza, kufunga vifuniko, kubandika lebo, kupanga kwenye maboksi. Taarifa za zamu zinaandikwa kwenye karatasi, kesho yake ndiyo zinaingizwa kwenye kompyuta. Nikija kujua laini ilisimama, zamu imeshaondoka, na sababu iliyoandikwa ni "hitilafu" basi. Uongozi umeletewa pendekezo la MES kamili (mfumo wa kompyuta wa kufuatilia na kusimamia uzalishaji), kila mashine iunganishwe na ghala na uhasibu kwa mkupuo mmoja. Mashine zetu nyingine ni za zamani, hazina hata PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine). Vijana wa zamu wanajituma kweli na lawama zote zinawaangukia wao, ndiyo maana nataka hili tulifanye vizuri. Tuanzie wapi?

FundiSensa
Mkuu, anzeni na mashine moja, ile inayobana laini nzima. Kama haina PLC, weka sensa ya mwanga ihesabu chupa mkandani, pamoja na ishara ya kuonyesha kama inatembea au imesimama. Zenye PLC, angalia zinatumia itifaki gani: za zamani nyingi zinaelewa Modbus, ambayo ipo tangu 1979, na za karibuni zina OPC UA. Muuzaji akuonyeshe data ikisomwa kutoka kwenye mashine yako mwenyewe kabla hamjasaini. Maonyesho ya ofisini kwake hayatoshi.

HesabuSafi
Naongezea kwa nini kuhesabu chupa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Chukua mfano wa zamu ya dakika 480, mashine imetembea 400. Hapo upatikanaji ni 83%. Kasi yake ni chupa 10 kwa dakika, zilitakiwa 4,000 zikatoka 3,200: 80%. Nzuri ni 3,040: 95%. Zidisha zote tatu, OEE yako (ufanisi wa jumla wa mashine) ni kama 63%.

Sasa tazama. Zile dakika 80 za kusimama, ambazo kila mtu aliziona, zimekula chupa 800. Kasi ndogo na vile visimamo vya sekunde chache, ambavyo hakuna aliyeviandika, navyo vimekula 800. Karatasi haitakuonyesha hiyo nusu ya pili hata siku moja.

DadaZamu
Kaka, hiyo "hitilafu" inatibika. Mashine ikisimama zaidi ya dakika mbili, skrini iliyo kando yake imtake opereta achague sababu. Ziwe chache, saba au nane, na muzitunge pamoja nao. Ukiwawekea arobaini watabonyeza ya juu kabisa ili warudi kazini. Na tafadhali, takwimu zile zisiwe za kumkata mtu mshahara. Wakishaona skrini ni mtego, utaletewa data ya kukufurahisha.

MtandaoImara
Tenganisheni kasi. Maamuzi ya milisekunde yabaki kwenye PLC, na kitufe cha dharura kibaki kwenye saketi yake ya usalama. MES hata ikichelewa sekunde kadhaa si tatizo. Seva ikizimika laini iendelee, na kifaa cha kando ya mashine kitunze data hadi mtandao urudi. Mtandao wa mashine utengwe na wa ofisi. Saa za vifaa vyote zilingane, la sivyo hamtajua kipi kilisimama kwanza.

MpangajiMkuu
Mimi natofautiana kidogo na FundiSensa. Kuanza kidogo sawa, ila msianze bila ramani. Majina ya mashine, bidhaa na bechi yafanane na ya uhasibu tangu mwanzo. Someni ISA-95, kiwango cha kuunganisha mifumo ya kiwandani na ya ofisini, inavyogawa ngazi. Nimeona viwanda vyenye vijimfumo vitano visivyoongea.

Msimamizi_Laini
Asanteni sana. Nitapendekeza mashine ya kujaza iwe ya kwanza, na orodha ya majina tuikamilishe kabla ya kununua chochote. Swali moja: usiku fundi yupo mmoja kwa laini zote. Taa ya kuonyesha mashine imesimama ikiwaka, nani aitike?

DadaZamu
Kiongozi wa zamu aitike kwanza, fundi aitwe akishindwa. Toyota ndivyo wanavyofanya: mfanyakazi akivuta kamba au kubonyeza kitufe cha andon (cha kuita msaada), anayefika ni kiongozi wa timu. Kwa hiyo kiongozi wa zamu mpeni mafunzo ya kurekebisha sensa, kuondoa chupa zilizokwama na kubadili roli ya lebo. Na muda wa kuitika urekodiwe kando na muda wa kutengeneza, maana uongozi ukiuona ndipo utakapojua kama usiku panahitajika fundi wa pili.