Tupeane uzoefu: Granato kaondoka, nani aikamate Sabres? Na wewe uliumia siku gani zaidi?

Mzee wa Grant Street
Wakuu, salaam. Jumanne asubuhi, 16 Aprili 2024, Don Granato, kocha wa Sabres, timu yetu ya magongo ya barafuni hapa Buffalo, kafungashiwa virago. Msimu wa 2023-24 umeisha kwa pointi 84, mtoano hatukuunusa, na huu ni mwaka wa 13 mfululizo. Katika ligi ya NHL hakuna timu iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo.

Mimi nilifika Buffalo Mei 2011, wiki chache baada ya timu kutolewa na Philadelphia katika mechi ya saba. Bado magari yalikuwa na vibendera vya buluu na dhahabu madirishani. Nikamuuliza jirani ni sherehe gani, akaniambia, "Mwakani utaona mwenyewe." Jirani alishahamia Florida. Mwanangu wa kwanza kazaliwa hapa, yuko darasa la sita, na hajawahi kuona Sabres wakicheza mtoano.

Meneja mkuu Kevyn Adams anasema safari hii anataka kocha mzoefu wa NHL. Yanatajwa majina ya Craig Berube, aliyechukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na St. Louis 2019; Gerard Gallant; na Lindy Ruff, kocha wetu wa zamani, aliyeachishwa New Jersey mwezi uliopita. Wengine wanamtaka Seth Appert, kocha wa Rochester, timu yetu ya kukuzia vijana, ambaye vijana wetu wengi wamepitia mikononi mwake. Semeni mnamtaka nani. Na semeni siku iliyowauma.

Shemeji wa Riverside
Berube. Hawa vijana hawajawahi kuogopa mtu.

Binti Kigoma
Yangu ni 19 Desemba, tulipofungwa tisa kwa nne na Columbus nyumbani kwetu. Nilikuwa ndani.

Baba yangu alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miezi miwili tu kabla. Nikasema nimtoe nyumbani, maana baridi ilikuwa imemkalisha dirishani kutwa nzima akiangalia barabara. Nilinunua tiketi za juu kabisa, zile ambazo paki, kile kisahani wanachokipiga kwa magongo, unaiona kama mbegu ya papai. Tukapanda treni ya Main Street hadi mwisho, kavaa makoti mawili. Mabao mawili ya kwanza anauliza, "Hao weupe ndio sisi?" Namwambia, "Hapana Baba, sisi ni wa buluu." Akanyamaza. Walipofika la sita watu wakaanza kusimama, halafu ukumbi mzima ukaanza kuimba kwamba Donnie afukuzwe. Baba akaniinamia, "Wanaimba nini?" Nikamwambia wanataka kocha aondoke.

Aliinuka. Mzee wa miaka 71 ambaye hajui neno moja la Kiingereza, akawa anapiga makofi kwa mdundo wa wale watu. Nilimvuta koti akae, hakukaa. Kwenye treni akaniambia kocha yule alikuwa anasimama vibaya, mikono mfukoni, timu inakufa. Hadi leo sikubaliani naye, nilimhurumia sana Granato usiku ule. Lakini tangu siku hiyo Baba ana timu. Na kocha anayemtaka ni Lindy, kwa sababu kaona picha yake na anasema ana uso wa mtu aliyelima.

Kibarua wa Lackawanna
Kweli kabisa dada. Miye nilikuwa pale siku ile. Batu balikuwa banalia.

Dereva wa Usiku
Binti Kigoma, tisa kwa nne ni kitu kidogo. Mimi nitawapeleka 29 Machi 2021.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Corona, mitaa mitupu, kazi yangu imekatwa nusu. Timu imepoteza mechi 17 mfululizo. Ralph Krueger keshaondolewa, Granato kakabidhiwa kwa muda. Nikasema leo siangalii. Mke wangu akawasha. Vipindi viwili vinaisha tunaongoza tatu bila, dhidi ya Philadelphia. Nikampigia kaka yangu Dayton, Ohio, ambaye hajui hata sheria za mchezo, nikamwambia kaa kwenye simu, leo inaisha. Kipindi cha tatu likaingia moja. La pili. Kaka anauliza, "Mbona umenyamaza?" La tatu, dakika zikiwa zimebaki chache kabisa. Muda wa nyongeza wakatumaliza.

Mechi ya 18. Nilikaa gizani na simu sikioni, kaka naye hakati, hakuna anayesema kitu. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa nalia kwa ajili ya magongo tu. Mwaka ule nilikuwa sijalia kwa jambo lolote, hata msiba wa mama niliufuatilia kwa simu nikiwa kwenye gari. Ulitoka wote usiku ule.

Siku mbili baadaye tukawapiga Philadelphia hao hao sita kwa moja, na aliyesimama kwenye benchi ni Granato. Kwa hiyo mnaomwita mlegevu, mwogopeni Mungu. Aliwaokota watoto sakafuni. Tage Thompson kafunga mabao 47 chini yake. Msimu wa 2022-23 tulikosa mtoano kwa pointi moja. Pointi MOJA.

Shemeji wa Riverside
Pointi moja ndiyo ushahidi wenyewe, bwana Dereva. Kocha mkali angeipata. Tukipewa nafasi ya kucheza wapinzani wamepunguziwa mtu, tunazungusha paki kama tunapiga picha ya harusi. Msimu huu tulikuwa miongoni mwa duni kabisa katika hilo. Huo ni ulezi. Samaki mkunje angali mbichi.

Dereva wa Usiku
Mkunje, usimvunje.

Mwana Msimbazi
Nyie mna subira ya ajabu. Novemba Simba tulikula tano za Yanga, na kocha wetu Robertinho hakumaliza wiki. Granato kakaa miaka mitatu.

Jangwani Daima
Tano kwa moja. Taja zote.

Mwana Msimbazi
Mada ni Sabres.

Jirani wa Mississauga
Poleni majirani. Sisi Toronto tunaingia mtoano kila mwaka, Jumamosi tunaanza na Boston. Chukueni Gallant, wachezaji wanampenda.

Mzee wa Grant Street
Jirani, kombe lenu la mwisho ni 1967. Karibu sana lakini kaa upande.

Fundi Bomba
Tatizo si kocha. Tangu Lindy aondolewe 2013 wamepita Rolston, Nolan, Bylsma, Housley, Krueger, Granato. Sita. Ryan O'Reilly kaondoka hapa 2018, mwaka mmoja baadaye kabeba kombe St. Louis na kawa mchezaji bora wa mtoano. Jack Eichel kavutana na klabu juu ya upasuaji wa shingo, kaenda Vegas, kabeba kombe 2023. Sam Reinhart msimu huu kafunga 57 Florida. Mtu akitoka kwetu anastawi. Nyumba ikivuja, hubadilishi pazia.

Binti Kigoma
Fundi, na Okposo juzi kaenda Florida. Yule nahodha nilimpenda, baba yake ni Mnigeria, wanangu walikuwa wanamwita mjomba. Nikisikia kachukua kombe huko nitazima simu.

Mama Kipa
Jamani mimi si mtu wa kuandika, nasoma tu. Lakini hili la mkali na mpole limenigusa pabaya.

Mwanangu ana miaka 11. Ni kipa wa timu ya watoto, klabu sitaitaja. Alichagua ukipa kwa sababu vifaa vya kipa klabu inaazimisha, na sisi kununua tusingeweza. Kocha wao wa kwanza alikuwa babu mmoja mstaafu. Alimfundisha mwezi mzima kuanguka tu. Kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, paki haijaguswa. Walikuwa wanafungwa, ni kweli. Lakini mtoto alikuwa akirudi nyumbani anaanguka sebuleni, jikoni, ananionyesha.

Januari wazazi wakaitisha kikao. Mimi nilikuwa zamu, sikwenda. Babu akaambiwa apumzike, wakamleta kijana anayepiga kelele. Mechi ya tatu mwanangu akafungwa mawili ndani ya dakika nne. Yule kocha akamwita benchi, akasema mbele ya wenzake na mbele yetu kwamba bora lango tupu. Nilielewa kila neno. Nilitamani nisingejua Kiingereza.

Ndani ya gari hakusema kitu. Usiku naingia chumbani kwake, amelala kavaa pedi za miguu. Namvua, ananiambia, "Mama acha, nikizivua watazichukua."

Ni wiki ya saba sasa hajakanyaga barafu. Klabu wameandika wanataka vifaa mwisho wa mwezi. Sijui nimlazimishe arudi au nizipeleke pedi nimalize. Samahani nimeharibu mada.

Dereva wa Usiku
Hujaharibu kitu mama. Mada ndiyo hii.

Kibarua wa Lackawanna
Pole sana mama. Mungu amulinde mutoto.

Shemeji wa Riverside
Mama Kipa, mimi niliyeandika samaki mkunje ni baba wa watoto wanne. Yule si mkali, yule ni mwoga mwenye sauti. Ila usizirudishe pedi. Akiona umezirudisha atajua na wewe umekubali maneno yale.

Fundi Bomba
Zirudishe, tena mapema, upate karatasi ya kuonyesha umerudisha. Watakuja kukudai fedha. Tutachanga anunuliwe zake.

Mwana Msimbazi
Mpeleke soka. Ukipa ni ukipa, na nyasi hazivunji meno.

Jangwani Daima
Kwa hili nakubaliana na Msimbazi.

Binti Kigoma
Msimpeleke popote. Dada, mtafute yule babu. Mwambie mtoto anaanguka jikoni. Atakuja.

Mzee wa Grant Street
Namuunga mkono Binti. Na tukisema kuchanga tumaanishe, nani anashika daftari?

Fundi Bomba
Mimi.

Mzee wa Grant Street
Wakuu, leo Jumatatu 22 Aprili. Wametangaza. Ni Lindy Ruff. Miaka 64, anarudi mahali alipoongoza kuanzia 1997 hadi 2013, ushindi wa mechi 571. Mara ya mwisho tulipoingia mtoano, kocha alikuwa yeye.

Dereva wa Usiku
Mwaka jana mwezi wa nne tulipofutiwa matumaini New Jersey, aliyesimama kwenye benchi la wenzetu alikuwa nani? Huyu huyu Lindy. Sina kinyongo. Awalee.

Shemeji wa Riverside
Nilitaka Berube. Lakini 1999 huyu aliwafikisha fainali dhidi ya Dallas, nasikia wazee wa kiwandani hadi leo wanabishana juu ya mguu wa Brett Hull wa Dallas ndani ya eneo la kipa alipofunga bao la ubingwa. Namkubali kwa mwaka mmoja.

Fundi Bomba
Paa bado linavuja. Nimepokea michango ya watu saba.

Binti Kigoma
Nimemwambia Baba. Kauliza mechi ya kwanza lini. Mama Kipa, uko wapi?

Mama Kipa
Nipo. Babu nilimpigia Alhamisi, nikashindwa kuongea, mtoto akachukua simu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alitusubiri mlangoni, saa ya watu kuteleza wapendavyo, hakuna timu. Alikuja na viatu vyake tu, hakuleta gongo wala paki. Wamezunguka pamoja saa nzima, mimi nimekaa na chai. Sikusikia wanasema nini. Karibu na mwisho nikamwona babu ameanguka chini kwa magoti, polepole, kwa umri wake, na mwanangu akaanguka pembeni yake.

Pedi bado ziko sebuleni. Jumamosi tunakwenda tena.