Eti "mbwa wangu hajazoea shida"! Muuza Rottweiler, leo sikuachii

Mama Komando:
Wakuu, natoka kwa daktari wa mifugo sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mkiona herufi zimepandana, mnivumilie.

Huyu bwana mnamjua. Simtaji, na wala hakuna haja. Ni yule anayepiga picha na miwani ya jua hata usiku, kashika mnyororo kama anazuia trekta lisiporomoke. Kila kundi la wapenda mbwa hapa Dar yumo, na kila akiandika lazima aseme "damu ya Ujerumani". Huyo huyo.

Sasa sikieni alichoniambia leo. "Mbwa wangu hajazoea shida." Mimi! Mbele za watu!

Niliwanunulia wanangu mtoto wa Rottweiler, laki tisa taslimu. Alitaka hela yote kwanza maana eti foleni ya wateja inafika Kibaha. Akanikabidhi mbwa na kadi ya chanjo, akasema ana miezi miwili kamili, dawa ya minyoo tayari, chanjo tayari, "wewe dada kazi yako ni kumpenda tu". Tukampenda. Watoto wakamwita Komando. Kesho yake tu Komando akagoma kula, akatapika povu la njano, jioni akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo nyumba nzima haijaisahau mpaka sasa. Asubuhi nikapakia bajaji, Kimara mpaka kwa daktari, mbwa nimemfunga kwenye kanga ya harusi ya dada yangu.

Daktari akamfungua mdomo, akaninyooshea kidole: "Angalia magego ya maziwa, ndiyo kwanza yanachungulia. Huyu hana miezi miwili. Wiki 5 au zaidi kidogo." Akaomba kadi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Wakuu, chanjo ya kweli ina stika, daktari anaibandua kwenye kichupa anaibandika kwenye kadi, anasaini na kugonga muhuri. Hii yangu haina stika hata moja. Imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, "CHANJO 1", "CHANJO 2", na tarehe ya chanjo ya kwanza iko NYUMA ya tarehe ya kuzaliwa. Komando kachanjwa akiwa tumboni!

Daktari, mtu mstaarabu, akampigia huyo bwana amuulize kwa upole amempa nini na nini. Mikono yake iko kwenye dripu, kwa hiyo simu akaiweka spika. Chumba kimejaa watu. Na huyo bwana, bila salamu, akajibu: "Dokta, mwambie huyo dada mbwa wangu hajazoea shida. Kwenye nyumba za kupanga huko Kimara anafuata nini?" Akakata.

Akakata!

Kulikuwa na mzee kaja na mbwa wake koko kupigwa chanjo ya kichaa, akaangalia chini. Kulikuwa na mtoto wa shule kapakata paka, akaniangalia usoni. Hata paka kanigeukia. Hajazoea shida! Shida ipi? Anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, mimi na wanangu dagaa. Analala na feni, sisi tunajipepea na gazeti. Shida kaja nayo kutoka kwenye banda lako, bwana miwani! Daktari kasema hii ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na tangu iingie mpaka ionekane ni siku 3 hadi 7, wakati mwingine hata 14. Kwangu alianza kutapika kesho yake. Sasa aliupata wapi ugonjwa, kwenye bajaji?

Nataka hela yangu na nataka aniombe radhi kwa spika ile ile. Wadau, mnasemaje?

Kidevu wa Mbagala:
Nipo siti ya mbele. Picha ya mbwa tafadhali, na ya kadi.

Pugu Mnadani:
Laki tisa kwa mbwa?? Dada, laki tisa hapa Pugu unaondoka na mbuzi, unachinja, unakula, unauza ngozi. Halafu unalia.

Mama Komando:
Pugu Mnadani, sijaja kuongelea mbuzi. Mbuzi hajaniambia mbele za watu kwamba hajazoea shida.

Babu Bunju:
Wa miwani? Kumbe bado yupo mjini! Mimi kaniuzia "Rottweiler" mwaka juzi. Mdogo alikuwa mweusi na vidoa vya kahawia juu ya macho, safi kabisa. Kakua masikio yakasimama wima, miguu mirefu, mkia umejikunja mgongoni. Rottweiler masikio yanalala, kila mtu anajua. Nilipompigia akasema "subiri atajaza". Hajajaza mpaka leo. Usiku akibweka, koko wote wa Bunju wanamjibu kwa kumtaja jina.

Kidevu wa Mbagala:
😂😂😂 Wa ukoo mmoja.

Mtu wa Sindano:
Nimesomea mifugo SUA, chuo kikuu cha kilimo, acha niweke mambo sawa kabla uzi haujaharibika. Parvo ni virusi, hakuna dawa inayoviua ndani ya mwili. Dripu ni kwa ajili ya kurudisha maji, kuna dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki ni ya bakteria wanaopenya utumbo ukishachubuka. Kinachomwokoa ni kuwahi. Dada umewahi, pole. Rottweiler ni moja ya mbegu ambazo parvo inazipiga vibaya kuliko nyingine, ndiyo maana mfugaji wa kweli hafanyi mzaha na chanjo. Inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuzuia chanjo isishike. Chanjo moja haitoshi hata kama ingekuwa ya kweli. Na mtoto hatolewi kwa mama kabla ya wiki 8, maana ndipo anapofundishwa na mama na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma.

Nyumbani osha sakafu na vyombo kwa jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji, iache dakika 10 kabla ya kusuuza. Uani kwenye udongo virusi vinaweza kukaa hata mwaka. Usilete mtoto mwingine wa mbwa hapo asiye na chanjo kamili.

Mama Komando:
Asante sana daktari, Mungu akubariki. Umeona? WEWE umenijibu vizuri bure, na yeye niliyempa laki tisa kaniambia hajazoea shida. Mwambieni asome hapa. Najua yumo humu anachungulia.

Profesa wa Kitaa:
Hilo la "damu ya Ujerumani" ndilo linanichosha. Rottweil ni mji wa Ujerumani, hawa walikuwa mbwa wa wachinjaji, wanaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Chama chao cha ADRK kipo tangu 1921, na huko huzalishi mbwa mpaka nyonga zipigwe eksirei na apimwe tabia. Bwana miwani nyonga za mbwa wake kapima kwa macho? Halafu kila "mzazi kutoka Ujerumani" kwenye picha zake kakatwa mkia. Kule kukata mkia kumekatazwa tangu 1998. Huo mkia ulibaki uwanja wa ndege?

Kidevu wa Mbagala:
Kama walikuwa mbwa wa wachinjaji basi Vingunguti machinjioni ndiyo kwao, Kimara amepotea njia.

Mtoto wa Chanika:
Mimi naomba nitofautiane. Jamaa kaongea vibaya, sawa. Lakini Rottweiler dume anafika kilo 50 hadi 60, begani ni sentimita 61 hadi 69. Unamfuga chumba na sebule? Na mwenye nyumba anajua?

Mama Komando:
Nani kakwambia nakaa chumba na sebule? Nyumba ina uzio, ina geti, ina uwanja! Wewe ndiye yeye? Umejisajili leo? Maana maneno ni yale yale, "nyumba za kupanga, nyumba za kupanga". Kwani kodi nalipiwa na wewe?

Mtoto wa Chanika:
Nimeuliza tu kama mwenye nyumba anajua, dada yangu.

Mpangaji Mwandamizi:
Mkuu kagusa kidonda. Mwenye nyumba wangu kakataza mbwa, paka, kuku na wageni wa kulala. Ila yeye jogoo wake anawikia dirishani kwangu saa tisa usiku. Na kodi anataka ya mwaka.

Dada wa Tabata:
Wa kwako anakataza wageni, wa kwangu anawahesabu. Shemeji yangu kaja kutoka Tanga, mwisho wa mwezi naambiwa niongeze hela ya maji kwa sababu "kichwa kimeongezeka".

Pugu Mnadani:
Maji si kitu. Ongeleeni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tupo wapangaji sita mita moja. Mimi nina taa mbili na redio. Chumba cha kwanza wana friji mbili wanauza barafu na juisi ya ukwaju. Tunachanga sawa kwa sawa!

Mpangaji Mwandamizi:
Sawa kwa sawa na mtu wa barafu? Hapo mnamlipia mtaji.

Mama Komando:
Jamani nimerudi kwa daktari. Komando kalamba maji na hajayatapika. Daktari kasema tusishangilie mapema lakini ni dalili nzuri. Ila bado yule bwana hajapokea simu, nimempigia kwa namba yangu, ya dada yangu na ya dereva bajaji. Halafu namwona kaweka picha mpya, watoto wengine wapo sokoni, "wamechanjwa, damu ya Ujerumani". Anawauzia wengine! Hajazoea shida, hajazoea shida, shida anaizalisha mwenyewe kwa jumla!

Mtu wa Sindano:
Vizuri sana, dada. Usimpe chakula kingi kwa pupa, fuata alivyosema daktari. Na kadi usiitupe, uipige picha, ukaripoti kwa ofisa mifugo wa kata.

Dada wa Tabata:
Hongera mama Komando. Pugu Mnadani, kwani hamuwezi kufunga mita ndogo kila chumba? Sisi tulifunga, kila mtu anasoma ya kwake.

Pugu Mnadani:
Nani anunue? Mwenye nyumba kasema tuchange. Mtu wa barafu kasema yeye hana tatizo na utaratibu uliopo.

Babu Bunju:
Hawezi kuwa na tatizo.

Mpangaji Mwandamizi:
Zima swichi kuu saa sita usiku mpaka barafu yake iyeyuke. Atachanga mwenyewe.

Pugu Mnadani:
Tulizima. Kumbe ndani kulikuwa na samaki wa mwenye nyumba. Tumelipishwa samaki.

Kidevu wa Mbagala:
Samaki gani? Changu au sato? Bei zinatofautiana, msikubali kulipishwa ya changu kama ni sato.

Pugu Mnadani:
Anasema changu. Hakuna aliyewaona.

Dada wa Tabata:
Mdai awaoneshe. Samaki waliooza hawafichiki, hata wakizikwa. Na mkishajua, gawanyeni deni kwa matumizi ya umeme, mtu wa barafu alipe nusu.

Pugu Mnadani:
Naenda kugonga mlango wa mtu wa barafu sasa hivi.