Jenereta yangu inazunguka taratibu, lakini masafa yake ni makubwa: inakuwaje?

Swali
Ndugu wadau, nimenunua jenereta ya dizeli iliyotumika, ambayo kibandiko chake kinaonyesha mizunguko 1800 kwa dakika na masafa ya hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Jenereta ndogo ya petroli ya jirani yangu huzunguka mara 3000 kwa dakika, nayo hutoa hezi 50. Je, inawezekanaje ile iendayo taratibu itoe masafa makubwa zaidi? Na je, naweza kuirekebisha ifae kwa vifaa vyetu vya hezi 50?

Jibu la kwanza
Mwendo peke yake hautoshi. Hesabu pia ncha za sumaku za rota, yaani sehemu ya jenereta inayozunguka. Kila jozi ya ncha, yaani kaskazini na kusini, inapopita mbele ya koili, mkondo geu (umeme unaobadilisha mwelekeo) hukamilisha wimbi moja. Rota ya jirani ina jozi moja na huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo hutoa hezi 50. Yako huzunguka mara 30 kwa sekunde, na ili ifikie hezi 60 ni lazima iwe na jozi mbili. Ukiishusha hadi mizunguko 1500, utapata hezi 50.

Jibu la pili
Hesabu hiyo ni sahihi, ila usikimbilie kugusa skrubu ya mwendo. Mwendo ukipungua kwa sehemu moja ya sita, volti nazo hupungua kwa kiasi hicho hicho iwapo mkondo wa kusisimua sumaku, yaani umeme unaozipa koili za rota usumaku, haukubadilika: 240 zitakuwa 200. Ukiuongeza mkondo huo ili kufidia, koili za rota hupata joto zaidi, huku feni ya kupoza nayo ikizunguka polepole. Nguvu ya injini pia hupungua, kwa hiyo punguza mzigo.

Jibu la tatu
Mfano ninaoupenda ni bwawa la Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paragwai, kwa sababu nchi hizo mbili hutumia masafa tofauti. Jenereta 10 za hezi 50 zina ncha 66 na huzunguka takriban mara 90.9 kwa dakika. Nyingine 10, za hezi 60, zina ncha 78 na huzunguka takriban mara 92.3. Turbini kubwa za maji haziwezi kwenda mbio kama injini zetu, ndiyo maana rota zake hujazwa ncha nyingi kiasi hicho.

Muuliza swali
Nashukuru. Kidhibiti volti cha jenereta yangu kina sehemu ya kuchagua 50 au 60, hivyo nitamwita fundi aanzie hapo kabla ya kushusha mwendo.