Laini ni moja na nimeilipia: kwa nini nitozwe kwa kila kompyuta?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtoa huduma wangu wa intaneti ya nyumbani amenitumia barua pepe inayosema kwamba nimekiuka mkataba kwa "kuunganisha kifaa kisichoidhinishwa", na kwamba nikitaka kuendelea kutumia kompyuta nne katika laini moja, nitalipa nyongeza kwa kila kompyuta inayozidi ya kwanza. Amenipa siku 14. Kifaa chenyewe ni ruta yangu, yaani kifaa cha kugawa intaneti kwa kompyuta kadhaa, niliyoinunua kwa fedha zangu na kuichomeka nyuma ya modemu yao, kifaa kinachoiingiza laini nyumbani, ili kutibu ugonjwa ambao wao wenyewe walishindwa kuutibu kwa miezi mitatu.

Ugonjwa ulikuwa huu. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na megabiti 5 za kupakia. Mmoja wetu alipoanza kupakia faili kubwa, wengine wote nyumbani walikwama: kurasa hazifunguki, mazungumzo ya video yanakatika, mtoto anatolewa katikati ya kipindi cha masomo. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara sita, na mara zote sita nilipewa jibu lile lile la kukariri: "Kompyuta zenu ni nyingi, punguzeni." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la pili.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nilizima kompyuta tatu pamoja na simu zote, nikabakiza kompyuta moja iliyounganishwa na modemu kwa kebo, ili Wi-Fi isije ikasingiziwa. Laini ikiwa imetulia, pakiti ya majaribio, yaani kipande kidogo cha data, ilikwenda na kurudi kwa milisekunde 25. Nilipoanza kupakia faili kutoka kompyuta hiyo hiyo, muda ulipanda hadi milisekunde 1,400, yaani sekunde 1.4. Kompyuta moja! Kinachotokea ni kwamba modemu yao inapokea data kwa kasi kubwa kutoka ndani ya nyumba, lakini mlango wa kutokea ni mwembamba, kwa hiyo inazirundika pakiti katika foleni ndefu badala ya kumwambia mtumaji mapema apunguze mwendo. Foleni ya megabaiti 1 tu, yaani megabiti 8, inahitaji sekunde 1.6 kupita katika njia ya megabiti 5, na ombi dogo la kufungua ukurasa likifika nyuma ya foleni hiyo halina budi kusubiri zamu yake. Hilo ni kosa la upangaji wa foleni ndani ya kifaa chao, nalo halihusiani kabisa na idadi ya kompyuta zangu.

Dawa yake si siri. Mfumo wa kupanga foleni unaoitwa fq_codel umo ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, tangu mwaka 2012, na maelezo yake yalichapishwa mwezi Januari 2018 kama RFC 8290, moja ya hati za kiufundi za intaneti. Unatenganisha mikondo ya data ili faili kubwa la mmoja lisizibe njia ya mwingine, na unatupa pakiti chache mapema ili mtumaji apunguze mwendo kabla foleni haijarefuka. Niliuwasha katika ruta yangu, nikaweka kikomo cha kupakia megabiti 4.5, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijengeke kwangu ninapoweza kuisimamia na si katika modemu yao. Tangu siku hiyo, kompyuta zote nne zikiwa zinafanya kazi na moja ikiwa inapakia, muda hauzidi milisekunde 35. Kazi hiyo ndiyo wanayoiita ukiukaji wa mkataba.

Sasa tuje kwenye madai yao ya kutoza kwa kila kompyuta. Msingi wa njia ya kugawana anwani moja ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, kati ya kompyuta nyingi, ile njia ambayo mafundi wanaiita NAT, ulielezwa katika RFC 1631 mwaka 1994, na anwani za ndani kama zile zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani mwaka huo huo. Modemu yao inafanya kazi hiyo hiyo, na ina matundu manne ya kebo mgongoni. Kama laini ilikusudiwa kompyuta moja, matundu matatu yaliyobaki ni ya nini?

Wakisema kwamba kompyuta nyingi zinatumia data nyingi, hesabu inawakatalia. Kompyuta moja ikipakua usiku na mchana kwa megabiti 20 inaweza kufikisha gigabaiti 216 kwa siku. Kompyuta nne zikiwa nyuma ya laini hiyo hiyo haziwezi kuvuka hapo hata kwa baiti moja, kwa sababu kikomo kimewekwa kwenye laini, nami kikomo hicho nakilipia kila mwezi bila kuchelewa. Wakiona matumizi yamezidi, waandike kiwango cha gigabaiti katika mkataba tukijue sote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ukurasa wa mipangilio ya modemu wameufunga kwa nywila ambayo mteja hapewi. Nimeomba waiweke katika hali ya daraja, ipitishe tu data na kuiachia ruta yangu kazi ya kugawa anwani, wakakataa bila maelezo. Matokeo yake anwani zinabadilishwa mara mbili, kwangu na kwao, na siwezi kuifikia kompyuta ya nyumbani nikiwa kazini kwa sababu modemu inazuia kila muunganisho unaoanzia nje.

Ninawadai mambo mawili: waifute nyongeza hiyo, na waniwekee modemu katika hali ya daraja. Aliyewahi kuwashinda watoa huduma katika hoja kama hii naomba anieleze aliandika nini na aliambatisha vipimo gani, kwa sababu jibu langu nalituma kesho asubuhi, na ruta yangu siichomoi.