Panya wanafukua mahindi kabla hayajaota: nirudishie mbegu au nisubiri?

Mkulima wa Pongwe

Asalaam aleikum ndugu zangu. Masika haya nimepanda mahindi ekari mbili nje kidogo ya Pongwe, mkoani Tanga, na kwa mara ya pili panya wamefukua mbegu. Jana alfajiri nilipita mstari kwa mstari nikakuta vishimo vimechimbwa pale pale nilipodondosha punje, na kandoni zimebaki punje zilizong'olewa kiini. Nilitega sumu ya unga mweusi niliyoichanganya na pumba. Usiku wa kwanza walikufa wengi, lakini tangu hapo chambo hakiguswi, na paka wa jirani yangu amekufa, jambo lililonihuzunisha sana. Je, nirudishie mbegu au nisubiri? Na je, hawa ndio panya wanaofunzwa kunusa mabomu kule Morogoro, kama anavyosema mwanangu?

Mama Shamba, Muheza

Wa aleikum salaam, na pole sana kaka yangu. Rudishia mapema, ila usirudishie peke yako. Ukiwaua wa kwako huku jirani ana pori mpakani, baada ya siku chache wanahamia kwako. Sisi kaya kadhaa tulikubaliana kufyeka mipaka siku moja, kisha tukafukia ndoo usawa wa ardhi, tukatia maji hadi nusu, na juu yake tukapitisha waya wenye gunzi lililopakwa karanga zilizosagwa. Panya akilikanyaga gunzi linazunguka naye anatumbukia. Linda shamba tangu siku ya kupanda hadi miche ifikishe wiki mbili hivi. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea.

Mwalimu mstaafu, Ngamiani

Ndugu mkulima, mwanao amechanganya panya wawili. Anayekusumbua yaelekea ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike huzaa watoto wapatao kumi kwa mara moja, na vuli ikiwa na mvua nyingi huanza kuzaa mapema, ndiyo maana mwaka unaofuata mashamba hufurika. Tunayajua haya kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamekuwa wakiwakamata, kuwatia alama na kuwaachia kila mwezi kwa miaka mingi. Anayenusa mabomu ni panya buku, mkubwa zaidi, ambaye shirika la APOPO humfunza pia kutambua kifua kikuu kwenye makohozi: sampuli 100 humaliza kwa dakika 20 hivi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Kuhusu sumu, hiyo nyeusi yaelekea ni fosfidi ya zinki. Panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa haigusi tena, kwa hiyo wekeni kwanza chambo kisicho na sumu kwa siku kadhaa ili wakizoee, ndipo mtie sumu. Mizoga muifukie kwa jembe, msiishike kwa mikono mitupu. Sisi wa mkoa huu tusisahau tauni iliyoisumbua Lushoto tangu 1980: panya akifa, viroboto wake hutafuta damu nyingine, nayo huwa yetu.

Mkulima wa Pongwe

Nawashukuru sana. Jioni hii nitakwenda kwa jirani kumpa pole ya paka wake, kisha nimwombe tufyeke mpaka pamoja kabla sijarudishia mbegu.