Nitapataje maelezo ya amri kwa mstari mmoja tu, bila kufungua mwongozo mzima?

Mwalimu wa Ngamiani aliuliza:

Assalaam aleikum wanajukwaa, na wenye salamu nyingine nawasabahi pia.

Nafundisha vijana matumizi ya kompyuta katika chumba cha kupanga hapa Ngamiani, Tanga. Mashine zetu sita ni za mitumba na zote zinatumia Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, kwa kuwa ndiyo inayokwenda bila kusuasua kwenye vyombo vikongwe. Intaneti tunaipata kwa kuunganisha simu yangu, na mara nyingi bando huisha kabla ya kipindi, kwa hiyo nimewazoesha vijana kutafuta majibu ndani ya mashine yenyewe kabla ya kuniita.

Shida yangu ni hii. Kijana akikutana na amri asiyoijua, tuseme "du" au "wc", hahitaji kusoma mwongozo mzima. Anachotaka ni kujua kwa sentensi moja amri hiyo ni ya kazi gani, kisha aamue kama inamfaa. Amri ya "man" humfungulia kurasa nyingi za Kiingereza kigumu, naye hukata tamaa mapema. Nilielezwa kwamba "whatis" ndiyo iliyowekwa kwa kazi hiyo, lakini katika mashine nne kati ya sita kila ninachouliza kinarudisha jibu lilelile:

    ls: nothing appropriate.

Yaani hakuna kinachofaa, ilhali "man ls" kwenye mashine hizohizo inafunguka vizuri kabisa. Kwenye mashine mbili zilizobaki "whatis" inajibu, isipokuwa kwa "cd", ambayo inasema haiijui. Tena ninayo seva ndogo ya kukodi ninakohifadhi kazi za vijana, yenye Ubuntu, ndugu yake Debian, na huko hata "man" yenyewe haitoi ukurasa wowote. Je, haya ni maradhi matatu au ni moja? Na kijana asiyejua jina la amri, ila anajua kazi anayotaka kuifanya, aanzie wapi?

Fundi wa Chumbageni alijibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake.

Nianze na hizo mashine nne. "man" na "whatis" hazitafuti mahali pamoja. Ukiandika "man ls", programu inaweza kwenda moja kwa moja kwenye folda za miongozo, hasa /usr/share/man, ikachukua faili la ukurasa huo na kukufungulia. "whatis" haifungui kurasa. Inasoma fahirisi iliyotayarishwa kabla. Kila ukurasa wa mwongozo huanza na sehemu iitwayo NAME, ambamo mna jina la amri, kistari, na maelezo mafupi, na programu iitwayo mandb ndiyo inayopita kwenye kurasa zote, kuiokota mistari hiyo na kuiweka katika fahirisi chini ya /var/cache/man. Fahirisi isipokuwapo, "whatis" haina pa kusoma, hata kama kurasa zenyewe zimejaa tele. Ijenge hivi ("sudo" huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi):

    sudo mandb

Kwenye mashine kongwe itachukua muda kidogo, usiikatize. Ikimaliza, jaribu majina kadhaa kwa mpigo, maana inaruhusu:

    whatis du ls wc
    du (1) - estimate file space usage
    ls (1) - list directory contents
    wc (1) - print newline, word, and byte counts for each file

Kwa kawaida Debian huitunza fahirisi hiyo yenyewe, kila programu mpya inapowekwa na pia mara moja kwa siku kupitia saa iitwayo man-db.timer. Kwa kuwa mashine zako ni za mitumba, nakisia kwamba aliyezitayarisha alinakili diski moja kwenda nyingine akaisafisha folda ya /var/cache, au aliizima saa hiyo. Andika "systemctl status man-db.timer" uone kama iko hai, ikiwa imezimwa, leo utajenga fahirisi na baada ya miezi itakuwa imepitwa na wakati tena.

Ile namba katika mabano wafundishe vijana mapema, kwa sababu wengi huidharau. Ni namba ya sehemu ya mwongozo: 1 ni amri za mtumiaji wa kawaida, 2 ni miito ya kiini cha mfumo, 3 ni maktaba za waandishi wa programu, 5 ni miundo ya mafaili, 8 ni amri za msimamizi, na zilizobaki vijana wako hawatazihitaji kwa sasa. Ukiuliza "whatis passwd" utapata zaidi ya mstari mmoja, kwa kuwa kuna passwd ya sehemu ya 1, ambayo ni amri ya kubadili nenosiri, na passwd ya sehemu ya 5, ambayo ni faili la orodha ya watumiaji. Anayetaka hiyo ya pili ataandika "man 5 passwd". Bila namba atafunguliwa ya kwanza, akae anashangaa.

Kuhusu "cd": hiyo si programu inayokaa kwenye diski kama "ls". Ni amri iliyomo ndani ya sheli yenyewe, na wala si sheli ya kununulia mafuta, bali ile programu inayopokea amri zako, ambayo kwenye Debian kwa kawaida ni Bash. Amri za ndani maelezo yake hutolewa na Bash yenyewe:

    help -d cd
    cd - Change the shell working directory.

Kijana asipojua kama amri ni ya ndani au ya nje, aulize kwanza "type cd", ataambiwa. Mimi huwafundisha wanagenzi wangu "type" kabla ya "whatis", maana nusu ya mkanganyiko huishia hapo.

Seva ya kukodi niambie kwanza: ukiandika "man ls" inakuambia nini, neno kwa neno?

Mwalimu wa Ngamiani alijibu:

Ahsante sana, Fundi. Mashine tatu zimepona papo hapo, ya nne bado inaendelea. Seva inasema kwamba mfumo umepunguzwa, kwamba vitu visivyohitajika mahali ambapo watumiaji hawaingii vimeondolewa, na kwamba nikitaka kuvirudisha niandike "unminimize".

Fundi wa Chumbageni alijibu:

Basi jibu umepewa na seva yenyewe. Hiyo ni Ubuntu iliyopunguzwa uzito, na miongozo ni miongoni mwa vitu vinavyoachwa nje ili diski isijae. Kuijenga fahirisi huko ni sawa na kupanga rafu za duka lisilo na bidhaa. "unminimize" itazirudisha kurasa, lakini itapakua vitu vingi na kula nafasi, na kwa seva ya kuhifadhia kazi za wanafunzi sioni faida yake. Iache ilivyo, maelezo ya amri yasomwe kwenye mashine za darasani.

Mkutubi wa Raskazoni alijibu:

Nimeusoma mjadala huu kwa furaha, kwa kuwa swali la mwisho la Mwalimu halijajibiwa, nalo ndilo linalonihusu mimi niliyezeekea kwenye makabati ya fahirisi. Maktabani msomaji huja kwa namna mbili: mmoja anajua jina la kitabu, mwingine anajua mada tu. "whatis" ni ya yule wa kwanza, wa pili anahudumiwa na "apropos". Hizi mbili ni pacha, zilitoka pamoja katika 2BSD, mkusanyiko wa programu za Unix (mfumo mkongwe ambao Linux iliuiga) wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1979, na zote zinasoma fahirisi ileile aliyoieleza Fundi. Ukipenda kutumia "man" peke yake, "man -f" ni sawa na "whatis", na "man -k" ni sawa na "apropos".

Kijana anayetaka kunakili mafaili ataandika "apropos copy", naye atamiminiwa mistari mingi kupita kiasi, kwa sababu neno hilo hutafutwa katika majina na katika maelezo, tena katika sehemu zote, hata zile za waandishi wa programu. Ampunguzie mzigo hivi:

    apropos -s 1 -a copy files

Hapo "-s 1" inabakiza amri za mtumiaji tu, na "-a" inadai mstari uwe na maneno yote mawili; bila "-a", mstari wenye neno lolote kati ya hayo utaletwa. Maelezo yakikatwa mwishoni yakawa na vidoti, ujue dirisha ni jembamba, si fahirisi iliyo pungufu; kiongezo cha "-l" kitayaonyesha yote. Na "whatis" nayo, ukiwa unajua kipande cha jina tu, inakubali nyota:

    whatis -w 'pass*'

Alama za kunukuu zisiachwe, kwani sheli inaweza kuitafsiri nyota kwanza kwa majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda, na "whatis" ikaulizwa kitu kingine kabisa.

Kikwazo kikubwa zaidi kwa vijana wetu ni lugha. Fahirisi hiyo imejaa Kiingereza, kwa hiyo anayeandika "apropos nakili" atarudi mikono mitupu, na kosa si lake. Mimi ningewapa karatasi moja yenye maneno machache yanayotumika sana katika maelezo hayo: copy ni kunakili, remove ni kuondoa, directory ni folda, print mara nyingi ni kuonyesha kwenye kioo na si kuchapa kwenye karatasi, list ni kuorodhesha. Hilo la print huwapotosha hata watu wazima.

Kisha wafundishe kuandika maelezo yao wenyewe. Ikiwa darasa lina amri yake ndogo, tuseme "hifadhi" inayonakili kazi kwenye diski ya nje, liandikwe faili /usr/local/share/man/man1/hifadhi.1 lenye mistari hii:

    .TH HIFADHI 1
    .SH NAME
    hifadhi \- nakili kazi za darasa kwenye diski ya nje

Neno NAME liachwe lilivyo, maana mandb hulitafuta hilo. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, uliotoka kwenye maabara za Bell Labs kwa akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, tayari kila ukurasa wake ulianza kwa kichwa hicho, na desturi imebaki hadi leo. Endesha "sudo mandb" tena, kisha "whatis hifadhi" itajibu kwa Kiswahili, na "apropos nakili" nayo itakuwa na cha kuleta.

Mwalimu wa Ngamiani alijibu:

Shikamoo Bi Mkutubi, na Fundi, ahsanteni nyote. Mashine zote sita sasa zinajibu, seva nimeiacha kama nilivyoshauriwa, na karatasi ya maneno imebandikwa ukutani. Vijana wameongeza "estimate" na "directory contents" kwa kalamu yao.

Ukurasa wa "hifadhi" ulitusumbua kidogo jana. Binti aliyeuandika aliambatanisha kistari na maneno ya pande zote mbili bila kuacha nafasi, mandb ikatoa onyo kwamba "whatis parse for hifadhi(1) failed", yaani imeshindwa kuusoma mstari wa maelezo, na "whatis" ikakataa kuutambua. Tuliukagua ukurasa mzima kwa muda mrefu kabla hajaiona kasoro yeye mwenyewe, akaacha nafasi kabla na baada ya kistari, na ukakubali. Naliandika hapa kwa ajili ya atakayekutana na onyo hilohilo.

Mkutubi wa Raskazoni alijibu:

Marahaba. Sikuutaja ule uangalifu wa nafasi, na ilinipasa. Mpe binti pongezi zangu, na aendelee na ukurasa wa pili.