Njia ya baiskeli isiyo na magari Normandy: bondeni au kwenye miamba ya pwani?

Muulizaji:
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunaishi Uingereza, na mwezi Juni tunakusudia kuvuka kwa meli kutoka Newhaven hadi Dieppe, Ufaransa, tukiwa na baiskeli zetu. Mke wangu haogopi milima. Anachoogopa ni malori. Je, ipo njia isiyopitisha magari?

Jibu la kwanza:
Shemeji ataridhika. Kutoka Arques-la-Bataille, kilomita chache kusini mwa Dieppe, mpaka Forges-les-Eaux kuna takriban kilomita 45 za Avenue Verte, njia iliyojengwa juu ya reli ya zamani, na kwa kuwa treni haziwezi milima mikali, mwinuko wake ni wa taratibu mno. Mtapita malisho ya ng'ombe na Neufchâtel-en-Bray, mji wa jibini lenye umbo la moyo (mimi hulipenda likiwa bado laini).

Jibu la pili:
Nakubaliana, ila huko bondeni hamtaiona bahari. Anayetaka miamba mieupe ya chokaa afuate Véloroute du Lin (yaani Njia ya Baiskeli ya Kitani) kuelekea mji wa pwani wa Fécamp, ingawa baadhi ya vipande vyake hupita kwenye barabara ndogo za vijijini. Mwezi Juni mmea wa kitani huchanua. Tokeni asubuhi, kwa sababu ua lake la samawati hufunguka siku moja tu na kupukutika mchana. Msisogelee ukingo wa miamba, kwani humeguka ghafla.

Jibu la tatu:
Bebeni chakula pia, maana maduka mengi ya vijijini hufungwa saa za mchana.